Kilo za Mama Mkwe

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Uyole alinipigia simu. Namba yangu alipewa na mjomba wake, abiria wangu wa miaka mingi. Aliniambia ana leseni ya urubani, ana mwaka mmoja na nusu yuko nyumbani, na ametuma maombi kwa kila kampuni yenye ndege nchini, hadi wale wanaonyunyizia dawa kweleakwelea kwenye mpunga wa Madibira. Hakuna aliyemjibu. "Mzee, sisi wa huku juu hatuna koneksheni," akasema. "Nifanyeje?" Nikamuuliza kama anajua kupakia mizigo. Akaniaga kwa adabu, na hajapiga tena. Nadhani aliona namkejeli.

Sikuwa namkejeli. Jibu lilikuwa la kweli ila lilikuwa fupi mno, na kosa hilo ni langu. Basi kaeni niwaeleze kwa urefu, wewe na wenzako wote mlioshika leseni mkononi huku mkitazama juu.

Naitwa Kihwele, Mhehe wa upande wa Tosamaganga. Nimerusha ndege ndogo, hizi mnazoziita pangaboi, kwa zaidi ya miaka thelathini, karibu yote kwa kampuni moja ambayo sitaitaja jina kwa sababu waliobaki pale bado ni rafiki zangu. Njia yetu ilikuwa Mbeya, Iringa, Dar, na kurudi. Siku nyingine tulipeleka watu wa dhahabu Chunya, tukarudi na vumbi puani la kutosha kufyatulia tofali. Ndege kubwa sikuwahi kuigusa. Sasa nina miti ya parachichi na goti moja linalojua mvua kabla ya redio, na sina kinyongo na mtu.

Niliporudi kutoka masomoni nje ya nchi, ukoo mzima ulikuwa umenichangia, kwa hiyo nilirudi kama mali ya watu wote. Padre alinitangaza kwenye misa: rubani wetu. Kwaya ikaimba. Bibi yangu akaniuliza ndege yangu nimeiacha wapi. Baada ya hapo nikakaa nyumbani mwaka, na nusu mwaka juu yake. Kila ndege ilipopita angani, watoto wa kijijini walinipungia mkono mimi, siyo ndege.

Nilikwenda Dar mara tatu kutafuta kazi. Kila ofisi waliniuliza nina saa ngapi za kuruka. Nilikuwa na mia mbili na kumi. Walitaka mia tano. Nikauliza hizo nyingine nizipate wapi, na dada wa mapokezi akanijibu kwa upole kwamba wengi huzipata kazini. Barua zangu za maombi nadhani zilifungia maandazi.

Kwa hiyo la kwanza ni hili: acheni kutuma, nendeni. Nenda mahali ndege inaposhuka, ukasimame pale mpaka wakuzoee. Mimi nilikwenda uwanja wetu wa Iringa nimevaa suti ya harusi ya kaka yangu na viatu vya kung'aa. Ndege ilishuka, akatoka Kapteni Anyosisye, Mnyakyusa wa Tukuyu, Mmoravian mwembamba ambaye mfuko wake wa shati ulikuwa na karanga badala ya kalamu. Nilimpa leseni yangu. Hakuifungua. Akaniuliza lile swali mnalolijua sasa, la kupakia mizigo, kisha akasema anahitaji mtu wa mizani, maana aliyekuwepo ameoa Makambako na amehamia huko.

Nilikubali kwa hasira. Nyumbani nikasema nimeajiriwa na kampuni ya ndege, na huo haukuwa uongo.

Mizani ndiyo roho ya ndege ndogo. Mkumbuke hilo hata siku mtakapokuwa na tableti inayowapigia hesabu zote. Viwanja vyetu viko juu, hewa ni nyepesi, mchana wa Oktoba inakuwa nyepesi zaidi, na ndege ya injini moja haibebi unachotaka wewe, inabeba inachoweza. Kwa hiyo kila abiria anapimwa, yeye na mzigo wake, halafu unapanga nani akae wapi. Ndege hiyo ni sawa na mtu aliyebeba mti begani. Nyuma kukizidi, mbele kunanyanyuka, naye anaanza kuyumba.

Kumpima mtu ni kazi ya adabu kuliko ya hesabu. Nilijifunza kugeuza mizani ili namba nizione mimi peke yangu, na kutosema chochote, hata "mh". Niligundua kwamba wanaume hujipunguza kwa mdomo na wanawake hujipunguza kwa kuacha mkoba kwa jirani. Nilijua kwamba anayevaa makoti mawili wakati wa jua ana kilo nne mfukoni. Na nilijua kwamba mtu wa Mbeya haendi kwa ndugu mikono mitupu hata umtishie kwa bunduki: atakuwa na mchele, atakuwa na ndizi, na atakwambia vyote ni vyepesi.

Siku moja nilimruhusu mzee mmoja kupanda na dumu la ulanzi, pombe yetu ya mianzi, nikaangalia uzito wake tu. Ninyi wa Iringa mnaujua ulanzi, haujui kutulia. Ndege zetu hazina hewa ya kujazwa kama zile kubwa, ukipanda juu hewa inapungua, na kitu chochote kilichofungwa kinavimba. Juu ya Mafinga mfuniko uliondoka kwa kishindo. Afisa wa benki mwenye shati jeupe akaoga, sista aliyekuwa jirani yake akaanza rozari. Waliposhuka Mbeya, ndani mlinuka kilabu kizima, na afisa wa uwanja akamwomba Kapteni Anyosisye ampulizie pumzi. Mmoravian yule hakuwahi kugusa pombe maishani mwake. Alipuliza. Wiki nzima hakuniita jina, aliniita Ulanzi. Tangu hapo nauliza ndani ya dumu kuna nini, na nafunga mfuniko nusu.

Mnaniuliza pia kazi yenyewe ikoje ukishaipata. Niwaambie ukweli: rubani msaidizi kwenye kampuni ndogo ni utingo mwenye mistari mabegani. Unaamka saa kumi na moja, unafuta umande kwenye vioo kwa kitambaa ulichonunua mwenyewe, unasimamia mafuta, unabeba mabegi, unafunga mlango, unawaonyesha abiria mkanda, halafu ndipo unakaa mbele. Nyumba ya kampuni kule Mbeya ilikuwa na vyumba viwili, marubani wanne na ndoo moja ya maji ya moto. Baridi ya Juni mnaijua. Tulipokezana ile ndoo kwa zamu iliyoandikwa ukutani, na ugomvi mkubwa kuliko wote niliouona katika urubani ulitokana na mtu kuruka zamu hiyo. Na chai ya asubuhi msinywe. Ndege haina choo.

Muda wa kupumzika ni haki yenu kwa sheria. Daini. Bosi atapiga simu kutoka Dar akiwa kwenye jua, akuulize ni wingu gani hilo linalokuzuia Mbeya. Kapteni Anyosisye alikuwa anamjibu, "Basi bosi, nitumie hilo jua la kwako, nikilipokea naondoka." Kisha anaendelea na karanga zake.

Siku hizi mnaona mawingu kwenye simu. Simu za mkononi zilipoanza kufika barabarani, sisi tulimpigia mama muuza chai wa Chimala, pale chini ya ukingo wa milima. Nilikuwa namuuliza anaona nini upande wa juu. Kama anaona mlima, tunakwenda. Siku moja alinijibu, "Baba, namwona ng'ombe wa jirani tu, naye simwoni miguu." Tukakaa mpaka saa nne. Alikuwa mtabiri mzuri kuliko wengi niliowahi kuwasikia redioni, na kila Krismasi nilimpelekea sukari.

Lakini nimeanza kuzunguka, na nilitaka kuwaambia kosa langu. Ndilo hasa jibu la yule kijana wa Uyole.

Nilikuwa na mwezi wa kumi na nne kwenye mizani. Rubani wetu msaidizi akapata kazi kwenye ndege kubwa, kiti chake cha upande wa kulia kikabaki wazi. Tulikuwa wawili tunaokitazama: mimi Iringa, na Deo Mbeya. Deo alikuwa kijana mpole, leseni kama yangu, saa za kuruka zimezidi zangu kidogo, naye alipima na kupakia kule kama mimi huku. Kapteni Anyosisye akasema ataamua wikendi. Nilikosa hamu ya kula. Zaidi ya miaka miwili na nusu ya kuitwa rubani na watu ambao hawajawahi kukuona ukiruka inachosha.

Alhamisi ya wiki hiyo alikuja kusafiri mama mkwe wangu.

Nilikuwa nimemwoa Filomena mwaka uliotangulia. Kijijini kwetu, wakati ule, mama mkwe humpi mkono, humtazami usoni, wala humpokei kitu mkononi. Mkikutana njiani, mmoja anapisha. Siyo uadui, ni heshima. Mimi na mama yake Filomena tuliheshimiana sana, ndiyo kusema hatukuwahi kuongea zaidi ya salamu, tena kila mmoja akitazama upande wake. Sasa binti yake mdogo alikuwa amejifungua Dar, na tiketi nilimtafutia mimi. Nilijivuna mno kwamba mama mkwe wangu anapanda ndege.

Wanawake wa makamo kwa kawaida walipimwa na Zawadi, dada wa tiketi. Siku hiyo Zawadi alikuwa kwenye mazishi Kihesa. Nilikuwa peke yangu, ndege imeshatua kutoka Mbeya na abiria saba ndani, jua la saa saba linawaka, na mama mkwe amesimama hatua tano kutoka kwenye mizani, amenigeuzia bega kwa heshima. Kumwambia apande pale juu, nimsome kama gunia, ulimi ulikataa. Nikaandika kilo sitini.

Kwa nini sitini? Kwa sababu Filomena alikuwa na hamsini na nne, na mama mtu mzima unamwongezea kidogo. Iangalieni hesabu hiyo. Nilikuwa nakadiria uzito wa mwanamke ambaye kwa mwaka mzima wa ndoa sikuwahi kumtazama.

Alikuwa na kikapu kilichofunikwa kitenge. Kumpokea sikuweza, kwa hiyo nikaandika kilo tano, akaingia nacho mwenyewe. Halafu, ili mwanamume yeyote asimpite karibu na kumgusa, nikamwelekeza kiti cha mwisho kabisa, mkiani. Niliona nimefanya jambo la mkwe mwema.

Ndege ilipoanza kukimbia nilisimama pembeni kama kawaida. Pua iliinuka mapema, kabla ya mwendo kutosha. Ikashushwa. Ikainuka tena. Ndege iliendelea kukimbia, ikapita mahali ambapo siku zote huwa imeshaachana na ardhi, ikaondoka mwishoni kabisa na kuvuka uzio ikiwa chini kiasi kwamba mbuzi walitawanyika. Halafu ikapanda taratibu sana kuelekea mashariki. Nikakaa juu ya ile mizani yenyewe. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa nikiwa angani.

Walifika salama. Ijumaa Kapteni Anyosisye alirudi, akaniita pembeni. Alisema jana mkia ulikuwa mzito, amesukuma usukani mpaka Mikumi mikono ikamuuma, na anajua sababu: Deo amemjazia maboksi ya parachichi nyuma kule Mbeya, na karatasi yake ameiandika anavyojua. Mtu asiyejali mkia hawezi kukaa naye mbele. "Jumatatu unaanza wewe," akasema, na akanipa mkono.

Nikasema asante. Ndiyo, nilisema. Nikaenda nyumbani nikamwambia Filomena, akapiga kigelegele, jirani akaja na kuku. Tulipokuwa tunakula Filomena akauliza mama yake alikaa dirishani upande gani. Nikamwambia nilimpa kiti cha nyuma kabisa, cha heshima. Akaweka mkono chini. "Mama na mwili wake ule ulimkalisha mkiani? Na kile kikapu? Mle mlikuwa na mchele wa watu wanne na boga, nilimfungia mimi." Kuku yule nilimmaliza, lakini sikusikia ladha.

Vijana, nataka mjue kwamba niliwaza kunyamaza. Hakuna aliyeumia. Deo alikuwa mbali, na alikuwa na saa nyingi kuliko mimi, angepata kazi kwingine. Nilijiambia yote hayo asubuhi ya Jumamosi njia nzima kwenda uwanjani, na kila sababu ilikuwa nzuri, na hakuna hata moja iliyonituliza.

Kapteni alikuwa anakagua mafuta. Nikamwambia maboksi ya Deo yalikuwa sawa. Nikamweleza yote: mama mkwe, kilo sitini, kikapu, kiti cha mwisho. Alichota karanga mfukoni, akaendelea kukagua mafuta. Yeye alikuwa Mnyakyusa, na kwao mkamwana na baba mkwe hawapitani hata njiani, kwa hiyo sikuhitaji kumfafanulia.

"Najua ulichokiona mbele yako," akasema. "Lakini rubani kazi yake ni kuwakatalia watu anaowaheshimu. Kuruka nitakufundisha. Hilo mimi siwezi kukufundisha."

Akaingia ofisini, akampigia Deo simu nikiwa nimesimama palepale, akamwomba radhi, akampa kiti. Nilipouliza mimi je, akasema mizani bado ipo.

Ilikuwa miezi migumu. Kuku hawezi kurudishwa. Jirani aliuliza mara mbili tu, kisha akawa anauliza kwa macho. Kijijini wakasema kumbe rubani wetu ni mpimaji. Deo nilimwomba msamaha uso kwa uso, naye akanikaribisha ndizi na nyama, akaanza kunifundisha kila alichojifunza kule mbele. Filomena alimwandikia mama yake akamweleza kilichotokea. Mama hakujibu, na mimi nikaona hayo ndiyo majibu.

Baada ya miezi kama saba hivi kampuni ikaleta ndege ya pili. Maana yake kiti kingine cha kulia. Kapteni Anyosisye hakunitajia, na mimi sikuthubutu kuuliza. Kila ndege yake ilipotua nilimtazama usoni, na kila mara akanisalimia, akachukua karatasi, akaondoka.

Basi siku moja ya Aprili, mawingu yakiwa yametanda kwa mbali, nikamwona mama mkwe anakuja na kikapu. Anakwenda Dar kwenye ubatizo wa mjukuu. Safari hii Zawadi alikuwepo. Aliniona nilivyobadilika rangi, akaninong'oneza, "Kaka Kihwele, nenda kule kwenye mafuta, mama nitampima mimi." Lilikuwa wazo zuri. Siku yoyote nyingine ningelifuata, na ninyi pia mlifuate: kazi ya adabu mpe mwenye kuiweza. Lakini Kapteni alikuwa amesimama mbele ya ndege, anakagua panga la injini ambalo alikuwa ameshalikagua. Na mimi nilijua kwamba huko juu hakuna Zawadi. Huko juu, mkubwa akitaka usichoweza kumpa, unabaki wewe na mdomo wako.

Nikamwambia Zawadi asante, nitampima mwenyewe. Nikaenda mpaka mbele yake, nikachuchumaa, macho chini.

"Kamwene, Mama."

"Kamwene."

"Mama, naomba upande kwenye mizani. Na kikapu nakiomba, nikipime."

Kwenye benchi walikuwepo wazee wawili wa Kihehe, abiria wetu. Maongezi yao yalikatika. Mmoja akakohoa kikohozi kile mnachokijua, cha mtu anayetaka isemwe baadaye kwamba yeye hakukubaliana na jambo hili. Niliona kandambili za mama mkwe hazisogei. Mkono wangu ulikuwa umenyooshwa kuelekea kikapu, na mkono haukupewa kitu.

"Umemchukua mwanangu hukuogopa," akasema. "Kilo zangu ndizo unaziogopa?"

Yule mzee aliyekohoa ndiye aliyeanza kucheka. Mama mkwe akaniwekea kikapu mkononi, akapanda kwenye mizani, akasimama wima kama mtu anayepigwa picha. Nikaitazama namba, halafu, kwa mara ya kwanza, nikamtazama yeye. Alikuwa mwanamke mkubwa, mzuri, wa uso mpana kama wa Filomena akicheka. Akataka nimtajie. Nikasema tisini na tatu. Akauliza mara ile nilimwandika ngapi. Nikasema sitini. Akawageukia wale wazee, akawaambia wamesikia wenyewe, mkwe wake anamwona binti.

Kikapu kilikuwa na kilo ishirini na sita. Nikamwambia tukipunguze, nusu. Hakubishana. Alitoa maharage na maboga mawili, akasema nimpelekee Filomena, na mimi nikamkalisha safu ya pili, nyuma ya Kapteni, dirishani. Mkanda nilimfungia mwenyewe. Kapteni Anyosisye alichukua karatasi yangu, akaisoma mstari kwa mstari, akatia sahihi. 

Ndege ilikimbia na pua yake chini mpaka mwendo ulipotosha, ikaondoka ardhini pale inapotakiwa kuondoka, ikapita juu ya uzio, na mbuzi hawakuinua hata vichwa. Nilisimama nikiitazama mpaka mawingu yakaichukua. Nililia kidogo, na sioni aibu kuwaambia. Zawadi aliniletea chai akajifanya hajaona.

Saa tisa simu ya ofisini ililia. Alikuwa Kapteni, kutoka Dar.

"Mama amefika," akasema. "Kesho uje na leseni yako."

Nimeruka zaidi ya miaka thelathini tangu siku hiyo, na mpaka nastaafu nilitaka habari zinijie kwa mpangilio huo huo: kwanza abiria amefika, halafu ndiyo mimi.